Kufunga riakta ya kaboni na ya GFO kwenye sampu ya akwariamu ya maji ya bahari

Simu huanza kuingia mwezi wa nne au wa tano tangu tangi lijazwe maji. "Fundi, kioo kinashika kijani kila baada ya siku mbili, na maji ukiyatazama kwa ubavuni yana rangi ya chai iliyozimuliwa. Nifunge riakta?" Mtu akishanunua na kufunga mwenyewe, simu ya pili ni: "Maji yamegeuka mekundu kama tope la Lushoto!" Ya tatu huja usiku: "Kifuniko kinavuja, kabati lote limelowa." Nimechoka kumwelekeza mtu kwa simu huku mkono wake mmoja umeziba mpira unaotiririka. Hatua zote hizi hapa. Zisome mpaka mwisho kabla hujafungua boksi.

Riakta si mashine ya ajabu. Ni silinda ya plastiki yenye kifuniko, mdomo wa kuingizia maji na mdomo wa kutolea. Ndani unaweka punje za kuchujia, kisha pampu ndogo inasukuma maji yapite katikati ya punje hizo badala ya kuzizunguka. Kaboni huondoa rangi ya njano, harufu na kemikali ambazo matumbawe hutoa yakigombania nafasi. GFO, yaani punje za oksidi ya chuma zenye rangi ya kahawia iliyoiva, hunasa fosfeti. Fosfeti yenyewe inaletwa na mkono wako kila unapolisha samaki. Nadharia inatosha hapo.

Kwanza, je, unaihitaji?

Tangi la chini ya lita 100 mara nyingi halihitaji riakta. Mfuko wa wavu wenye kaboni, ukiwekwa kwenye sampu (lile tangi la kuchujia lililo kabatini chini ya tangi kuu) mahali maji yanapopita kwa kasi, unafanya kazi ya kutosha. Na kama fosfeti yako iko kati ya 0.03 na 0.10 mg/L, matumbawe yamefunguka na kioo unakifuta mara moja kwa wiki, usinunue GFO eti kwa sababu jirani anayo. Maji yasiyo na fosfeti kabisa ni mabaya kuliko yenye fosfeti kidogo: matumbawe hupauka, na mara nyingi ute wa kahawia wenye mapovu hutanda juu ya mchanga. Kuutoa ute huo ni kazi ya miezi.

Ukipima ukakuta 0.20, 0.30 au zaidi, na tayari umepunguza chakula na unabadilisha maji kwa utaratibu, hapo endelea.

Swali jingine la kila siku: "Naweza kutumia mkaa wa jikoni?" Hapana. Kaboni ya akwariamu imechomwa na kutayarishwa makusudi ili iwe na vitundu vidogo mno vya kunasia uchafu. Mkaa wa kupikia hauna uwezo huo, una majivu mengi, na hujui ulichomwa pamoja na nini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Riakta mbili, moja ya kaboni na moja ya GFO. Kama mfuko unaruhusu moja tu, anza na ya kaboni.
- Pampu ndogo kwa kila riakta, ya kati ya lita 500 na 1,000 kwa saa. Usichukue kubwa ukidhani ndiyo bora. Utaishia kuibana kwa koki na joto lake litaingia kwenye maji, na huku kwetu hatuna upungufu wa joto.
- Angalia lebo ya umeme. Pampu iliyotoka Marekani ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia mlio mmoja tu, kisha kimya.
- Mpira laini wa maji unaokaa sawasawa kwenye midomo ya riakta, mita 3 hivi, na vibano vya plastiki.
- Koki ya plastiki, moja kwa kila riakta. Nasisitiza PLASTIKI. Dukani watakupa koki nzuri ya njano inayong'aa. Ile ina shaba ndani yake, na maji ya chumvi huila polepole. Shaba kidogo tu inatosha kuua kamba, konokono na matumbawe, na ikishaingia kwenye mawe ni kazi kubwa kuitoa.
- Ndoo mbili zisizowahi kuguswa na sabuni.
- Maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kwenye kichujio laini mno kinachoondoa karibu madini yote, lita 20 kwa kuanzia. Maji ya chupa ya dukani mara nyingi yamerudishiwa madini baada ya kusafishwa, kwa hiyo usidhani ni kitu kilekile. Ya kisima cha pwani ndiyo kabisa usiyafikirie.
- Vifaa vya kupimia fosfeti, nitreti na KH (ualkali wa maji).
- Jagi la lita moja lenye alama, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na taulo kuukuu. Mbili, kusema kweli.

Kuhusu kipimo cha fosfeti kuna mtego mmoja. Kipimo cha Hanna HI736 husoma fosforasi, tena kwa sehemu za bilioni, si fosfeti moja kwa moja. Namba unayoiona zidisha kwa 3.066, kisha gawa kwa 1,000, ndipo upate mg/L za fosfeti. Ukiona 30, fosfeti yako ni takriban 0.09, yaani uko salama. Kuna mteja wangu aliyeona 30 akadhani anaangamia, akamwaga GFO nusu kopo.

Hatua za kufunga

1. Jua ujazo halisi wa maji yako. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye tangi. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 45, maji yakiwa na kina cha sentimita 46: 120 × 45 × 46 ÷ 1,000 ni lita 248. Toa nafasi ya mawe na mchanga, tuseme lita 30, zibaki 218. Sampu ya 60 kwa 35 yenye kina cha maji cha sentimita 25 inaongeza lita 52. Jumla lita 270. Namba hii ndiyo itakayoamua kiasi cha punje, kwa hiyo iandike ukutani ndani ya kabati.

2. Pima fosfeti, nitreti na KH, na uandike pamoja na tarehe. Watu wengi wanaruka hapa. Wiki mbili baadaye matumbawe yakinuna, hawana cha kulinganisha.

3. Chagua mahali. Pampu ya riakta ikae kwenye chumba cha sampu ambacho kina cha maji hakibadiliki, kwa kawaida kile cha skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa mapovu. Usiiweke kwenye chumba cha mwisho chenye pampu kuu. Maji yanayopungua kwa mvuke hupungua hapo kwanza, na ukisahau kuongeza siku mbili pampu itanyonya hewa. Maji yawe yamepita kwenye soksi au sponji ya kuchuja kabla ya kufika kwenye pampu hii, la sivyo mabaki ya chakula na kinyesi yataziba punje ndani ya siku kadhaa. Mdomo wa kutolea uelekeze kwenye chumba kinachofuata, ili maji yaliyosafishwa yaende mbele badala ya kuzunguka palepale.

Kama kabati lina nafasi, simamisha riakta ndani ya sampu yenyewe. Ikivuja, inavujia majini. Ikining'inia nje, ikivuja inavujia mbao, na mbao za kabati nyingi ni za unga uliogandishwa kwa gundi. Zinavimba kama andazi.

4. Unganisha kila kitu kikiwa kikavu na kitupu, kisha jaribu kwenye ndoo. Fungua kifuniko utazame oringi, ule mpira wa duara. Usiwe na unywele, mchanga wala mkunjo. Upake grisi ya silikoni kidogo sana. Kamwe usitumie ile ya Vaseline wala grisi ya gari, zinaharibu mpira. Funga kifuniko kwa nguvu ya mkono tu. Weka pampu kwenye ndoo ya maji ya RO, mdomo wa kutolea uurudishe kwenye ndoo ileile, uwashe kwa dakika 30. Zungusha karatasi ya chooni kwenye kila kiungio. Karatasi ikilowa utaona papo hapo hata kama ni tone moja.

5. Funga koki KABLA ya riakta, kati ya pampu na mdomo wa kuingizia. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi nikiitwa kutengeneza. Mtu anaweka koki upande wa kutokea kwa sababu ndipo inapofikika kirahisi. Akiibana, shinikizo lote la pampu linabaki ndani ya silinda na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye kifuniko. Koki ikiwa mwanzoni, silinda haibebi mzigo wowote.

Hakikisha pia unajua mdomo upi ni wa kuingizia. Riakta nyingi hushusha maji kwa bomba la katikati hadi chini, kisha yanapanda kupitia punje. Ukigeuza mipira, punje zitabanwa chini na GFO itagandamana kama saruji.

6. Pima punje. Namba zangu, ambazo ni za mtu mwoga kwa makusudi, ni hizi: kaboni mililita 1 kwa kila lita ya maji, GFO mililita 0.5 kwa kila lita. Kwa tangi letu la lita 270 ni kaboni mililita 270, kikombe na kidogo, na GFO mililita 135, yaani vijiko vikubwa tisa. Kama ni mara yako ya kwanza kabisa, na tangi halijawahi kuona kaboni wala GFO, gawa zote mara mbili. Lebo ya kopo ikisema zaidi, fuata mimi. Ikisema pungufu, fuata lebo.

Nisingekuwa na woga huu kama nisingeunguza matumbawe yangu mwenyewe. Fosfeti yangu ilikuwa 0.40 na nilikuwa na haraka. Nikaweka kipimo kamili nilichoona kwenye lebo, Jumamosi jioni. Jumatano ilikuwa 0.03, nikajipongeza. Ijumaa ncha za matawi zilikuwa nyeupe, na ngozi ya moja ilikuwa inabanduka kutoka chini kwenda juu kama rangi ya ukuta uliolowa. Maji yalikuwa safi kuliko siku zote.

7. Osha punje. Kaboni iweke kwenye chujio la chai au mfuko wa wavu, uimiminie maji ya RO mpaka yanayotoka yasiwe meusi. Vumbi la kaboni si la kupuuza: limehusishwa na ugonjwa wa vidonda vya kichwani na ubavuni kwa samaki, na kangaja ndio wa kwanza kuupata. GFO usiisugue mkononi wala usiikoroge, punje zake ni laini na zitasagika zaidi. Hiyo itaoshwa ikiwa ndani ya riakta.

Usioshe kwa maji ya bomba. Kaboni itaanza kazi ya kunasa klorini palepale kwenye sinki, na hiyo sehemu ya nguvu yake hutaipata tena.

8. Jaza riakta. Chini sponji, juu yake punje, juu kabisa sponji nyingine. Hapa ndipo kaboni na GFO zinapoachana. Kaboni inatakiwa itulie tuli, kwa hiyo sponji ya juu ishuke mpaka iguse punje na kuzibana kidogo. GFO inatakiwa icheze, kwa hiyo iachie nafasi: isizidi nusu ya silinda. Ndiyo maana nakataa kuzichanganya kwenye riakta moja. Mwendo unaoifaa GFO unaisaga kaboni, na ukiupunguza kwa ajili ya kaboni, GFO inaganda.

9. Endesha maji ya kwanza yaende ndoo ya pili. Pampu ndani ya ndoo ya RO, mpira wa kutolea ndani ya ndoo tupu. Maji ya kwanza ya GFO yatatoka mekundu, usishtuke. Kwa kiasi kidogo kama chetu, lita 10 mara nyingi zinatosha. Yakianza kupita meupe, kinga kidogo kwenye glasi uiweke mbele ya karatasi nyeupe. Jicho hudanganywa na ndoo ya buluu.

Ujanja wangu ni kufanya kazi hii siku ya kubadilisha maji. Nikimaliza na RO, lita za mwisho za kuoshea nazichota kutoka kwenye sampu, maji ambayo yangemwagwa hata hivyo. Hivyo riakta haiingii kwenye tangi ikiwa imejaa maji baridi yasiyo na chumvi.

10. Zima umeme wote wa sampu, ingiza pampu na riakta mahali pake. Waya wa pampu uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuchomekwa, ili tone likiteremka kwenye waya lidondoke sakafuni na si ndani ya soketi. Ekstensheni isilale kwenye sakafu ya kabati. Ifunge ukutani, juu. Kama nyumba yako haina swichi ya kukata umeme unapovuja, mwite fundi umeme kabla ya kuniita mimi.

11. Washa pampu huku koki ikiwa imefungwa, kisha fungua koki taratibu. Inamisha riakta upande mmoja na mwingine utoe hewa iliyonaswa. Kwa kaboni, kinga maji kwenye jagi la lita moja na hesabu sekunde: 3,600 gawa kwa sekunde ulizopata ndiyo lita kwa saa. Sekunde 18 ni lita 200 kwa saa, na mwendo huo unatosha kwa tangi hili. Punje za kaboni zikionekana zinatikisika, punguza.

Kwa GFO acha jagi, tumia macho. Fungua koki kidogo kidogo huku ukitazama uso wa punje. Unataka ile hali ya uji unapokaribia kuchemka: uso unapumua, punje za juu zinainuka na kulala, lakini hakuna kinachoruka. Zikiruka mpaka kugonga sponji ya juu, unazisaga. Zikilala kimya, kesho utakuta bonge.

12. Siku kumi za kwanza, pima fosfeti na KH kila baada ya siku mbili. Sheria yangu ni kwamba fosfeti isishuke zaidi ya nusu ya kipimo cha mwanzo ndani ya wiki. Ikitoka 0.30 hadi 0.20, vizuri. Ikishuka hadi 0.08 kwa siku nne, zima riakta ya GFO, toa maji na punje zake, subiri. GFO hupunguza pia KH kidogo inapokuwa mpya, kwa hiyo usishangae ikishuka, iongeze polepole kwa njia yako ya kawaida. Taa nazo zipunguze kidogo wiki ya kwanza ya kaboni: maji yakishaacha kuwa ya njano, mwanga unaofika kwenye matumbawe huwa mkali kuliko yalivyozoea.

Lini ubadilishe punje

Kaboni, kila baada ya wiki tatu au nne, bila kusubiri dalili. GFO haina kalenda. Pima fosfeti ya maji yanayotoka kwenye mpira wa riakta, halafu ya maji ya tangi. Yakilingana, punje zimeshiba. Kwenye tangi lenye fosfeti nyingi zinaweza kushiba ndani ya wiki mbili, na baadaye zikakaa hata miezi miwili. Ukiweka mpya, kumbuka punje mpya zina nguvu nyingi siku za mwanzo. Usibadilishe kaboni na GFO siku moja. Kitu kikiharibika hutajua umlaumu nani.

Kila ukifungua, osha sponji, futa oringi, na toa propela ya pampu uisugue kwa mswaki wa zamani. Chokaa ikiwa imeshika, loweka kwenye siki usiku mmoja, kisha suuza vizuri.

Kuna punje nyingine ndogo za plastiki ambazo bakteria hula, za kupunguza nitreti. Hizo huingia kwenye riakta za namna hii pia, lakini mdomo wake wa kutolea lazima uelekee kwenye skima, na mwendo wake ni mwingine kabisa. Ziache mpaka umalize mwaka na hizi.

Umeme ukikatika

Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao umeme wao hukatika mara moja kwa mwaka. Sisi tuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni maji kurudi nyuma. Pampu ikisimama, maji yaliyo ndani ya riakta iliyo juu ya usawa wa sampu hutaka kushuka kupitia pampu. Sponji ya chini ikiwa imechakaa au haikai vizuri, punje zitafuata na kukwama kwenye propela. Umeme ukirudi, pampu inaunguruma tu haisukumi. Na kama mpira wa kutolea umezama kwenye chumba chenye usawa wa chini zaidi, maji yataendelea kuvutwa kwenda huko hata bila pampu. Dawa ni mdomo wa mpira ukae sentimita moja juu ya maji, ili uvute hewa na mvuto ukatike. Zima pampu zote makusudi siku ya kufunga, kaa dakika 15, tazama kinachotokea na kama sampu ina nafasi ya kupokea maji yanayoshuka kutoka juu.

La pili ni baya zaidi na halionekani. Riakta iliyosimama ni chupa iliyofungwa yenye bakteria wengi na oksijeni kidogo. Baada ya saa kadhaa oksijeni inaisha na maji ya ndani yanaanza kunuka yai viza. Umeme ukirudi saa tisa usiku umelala, pampu inayasukuma yote kwenye tangi lenye samaki ambao tayari wamekaa usiku mzima bila hewa ya kutosha. Kwa hiyo, umeme ukikatika zaidi ya saa tatu au nne, chomoa pampu za riakta. Ukirudi, fungua, mwaga maji ya ndani, suuza punje kwa maji ya sampu kwenye ndoo, ndipo uwashe. Pampu kuu na skima ziache zijiwashe zenyewe, lakini riakta weka kwenye swichi yake peke yake, usiiunganishe na vingine.

Kikikwama

Maji ya tangi yamekuwa mekundu au yana vumbi. Hukuosha vya kutosha, au mwendo ni mkali na GFO inasagika. Bana koki, weka soksi mpya ya kuchujia kwenye sampu, acha skima ifanye kazi. Kwa kawaida maji hukaa sawa ndani ya siku moja. Samaki wakihema juu juu, badilisha maji asilimia 20.

GFO imekuwa bonge moja. Mwendo mdogo au tabaka la uchafu juu ya punje. Toa, livunje kwa upole ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, rudisha, ongeza mwendo kidogo. Likiganda tena wiki hiyohiyo, tupa, na uangalie soksi yako ya kuchujia.

Kifuniko kinavuja matone. Usikikaze zaidi, utapasua uzi wake. Zima, fungua, tazama oringi. Katika riakta kumi nilizoitiwa, nyingi zina punje moja ya mchanga au ya GFO imekaa chini ya oringi. Ukiwa safi na bado inavuja, rudi hatua ya 5 ukaangalie koki iko wapi.

Mapovu madogo yamejaa tangini. Ama riakta bado ina hewa, ama mdomo wa kutolea uko juu sana na maji yanadondoka kwa kishindo. Ushushe mpaka ile sentimita moja, au weka kipande cha sponji chini yake.

Pampu inaunguruma, maji hayatoki. Punje kwenye propela, kama nilivyosema. Au mpira umekunjika nyuma ya skima. Angalia mpira kwanza, ni kazi ya sekunde tano.

Fosfeti haishuki kabisa. Pima maji yanayotoka kwenye riakta. Yakiwa na fosfeti ndogo kuliko ya tangi, riakta inafanya kazi, ila mawe yako yamenyonya fosfeti kwa miezi na sasa yanaiachia kidogo kidogo. Vumilia, badilisha punje zikishiba, itashuka. Yakiwa sawa na ya tangi, punje zimeshiba au maji yanapita pembeni yake. Na kama unalisha kamba au dagaa waliogandishwa, usimwage na yale maji yao yaliyoyeyuka. Wasuuze kwanza kwenye chujio la chai. Kuna mama mmoja Mbezi niliyempelekea GFO mara tatu kabla sijamkuta jikoni akimimina bakuli zima, maji na vyote, na tangu aanze kutumia chujio sijamuuzia tena.